Habari za Kimondo, na Yapasayo Kufanywa Kionekanapo

Wasomaji wetu wengi, hasa wakaao kando ya ziwa na katika mbuga za Usukuma, wamepata kuona usiku kitu kama nyota kikikata mbingu kwa mbio, kisha kikatoweka. Kitu hicho huitwa kimondo. Vilivyo vingi ni vidogo, mfano wa kiberiti kilichowashwa kikazimika mara. Lakini kwa nadra huja kikubwa kiangazacho nchi nzima, nacho huwatia watu hofu na kuleta maneno mengi. Tumeona ni vema tueleze kimondo ni kitu gani, hutoka wapi, na mtu akionaye impasa afanye nini. Sababu yetu si kupendeza masikio tu. Tumeona wenyewe jinsi mwanga wa sekunde chache ulivyokaribia kuleta msiba ambao mwanga wenyewe haukuuleta.

Tuliyoyaona kwa macho yetu

Ilikuwa usiku wa kiangazi, miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja cha Magu kisicho mbali na mahali Mto Simiyu uingiapo Ghuba ya Speke. Ilipata saa tatu za usiku. Mwezi ulikuwa haujatoka, na wavuvi wa dagaa walikuwa ziwani na taa zao. Tulikuwa tumeketi uani tukizungumza, mara ua wote ukawa mweupe, na vivuli vya nguzo na vya ng'ombe zizini vikaanza kuzunguka chini, kama vizungukavyo vivuli vya chumbani mtu apitapo na taa mkononi. Kuinua macho, tukaona moto wa rangi ya kijani, mkali kuliko Zuhura mara nyingi, umetokea mashariki ukaenda magharibi juu ya ziwa, na nyuma yake umeacha mkia mwekundu. Kabla mtu hajapata neno la kusema ulivunjika vipande vitatu, ukazimika.

Hapakuwa na sauti yoyote. Wanawake waliwaita watoto wao, mbwa walibweka, kila mtu akasimama. Baadaye, tulipokuwa tukisema ya kwamba jambo limekwisha, ndipo tuliposikia ngurumo nzito kama ya gari la mizigo lipitalo juu ya daraja la mbao, wala mbingu hazikuwa na wingu hata moja. Hapo hofu ilizidi kuliko kwanza.

Asubuhi yake ikasikika ya kuwa maksai wa jirani mmoja amekufa usiku. Kabla jua halijapanda, maneno yalikwisha kuenea. Ilisemwa ya kuwa moto ule umetumwa na mtu. Ya kuwa umeanguka nyuma ya kilima, karibu na nyumba ya bibi mmoja mjane. Na ya kuwa ndio uliomwua ng'ombe yule. Bibi huyo alikuwa na macho mekundu, kama walivyo wazee wengi waliopika maisha yao yote kwa kuni mbichi, mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe. Vijana walianza kukusanyika chini ya mti wakinong'ona. Wazee wengine walinyamaza, nasi wenyeji wa nchi hii twajua wazee wanyamazapo namna ile maana yake ni nini. Ni habari ya kweli na ya kuhuzunisha kwamba katika Usukuma wanawake wazee wengi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na macho mekundu yakahesabiwa kuwa ushahidi.

Tutaeleza mwisho jinsi jambo lile lilivyokwisha. Kwanza na tuyapime maneno yale matatu, moja moja, kama yapimwavyo maneno ya mashahidi barazani.

Je, kimondo hutumwa na mtu?

Dunia yetu huzunguka jua pamoja na sayari nyingine, na baina ya Mirihi na Mushtarii yako mawe mengi sana nayo yazunguka jua. Mengine ni makubwa kama milima, mengine ni kama changarawe. Mara kwa mara mawe hayo hugongana, na vipande vyake hutupwa katika njia nyingine, hata baada ya miaka mamilioni vikakutana na njia ya dunia. Tena liko vumbi lililoachwa na nyota zenye mkia katika safari zao. Kila siku dunia hukutana na vitu hivyo, mchana na usiku, juu ya bara na juu ya bahari, ila vingi hakuna avionaye.

Watu wengine huchanganya kimondo na nyota yenye mkia, lakini ni vitu viwili. Nyota yenye mkia iko mbali sana, nayo huonekana mahali karibu pale pale usiku baada ya usiku kwa majuma. Ile iitwayo Halley ilionekana mwaka 1910 na tena mwaka 1986, nayo yatazamiwa kurudi mwaka 2061. Kimondo kiko ndani ya hewa yetu wenyewe, nacho hupita kwa sekunde chache tu.

Mbio zake ni jambo gumu kuliamini. Jiwe la mbinguni huingia katika hewa kwa mwendo usiopungua kilomita 11 kwa sekunde moja, na mengine hufika kilomita 72. Kutoka Mwanza mpaka Magu ni kiasi cha kilomita 60. Basi jiwe liendalo kilomita 20 kwa sekunde lingekwenda safari hiyo kwa sekunde 3, yaani kabla mtu hajamaliza kutaja jina lake na la baba yake na la babu yake.

Je, kwa nini liwake moto? Mwenye baiskeli aweza kujibu. Akiziba mdomo wa pampu kwa kidole na kusukuma kwa nguvu, huona pampu imepata moto, kwa kuwa hewa iliyo ndani imebanwa. Ndivyo lifanyavyo jiwe liendalo mbio namna hiyo: huibana hewa iliyo mbele yake kwa ghafula, hewa hiyo hupata moto wa maelfu ya digrii ikang'aa, na ngozi ya jiwe ikayeyuka na kupeperuka. Mwanga tuuonao ni wa hewa hiyo na wa madini ya jiwe lenyewe, na kwa sababu hiyo rangi zake ni mbalimbali: kijani, njano, nyekundu, au nyeupe ya kuumiza macho. Kimondo kidogo cha kila siku hutoka katika kitu kisichozidi chembe ya mchanga. Kile kikubwa kipitacho Zuhura kwa ukali chaweza kutoka katika jiwe la kadiri ya chungwa, au ya chungu, au zaidi.

Tena viko vimondo vijavyo kwa majira yake, navyo vimekwisha kujulikana siku zao. Kila mwaka, karibu na tarehe 13 na 14 Desemba, dunia hupita katika vumbi jingi, na mtu akaaye nje usiku wa manane pasipo mwezi wala mawingu aweza kuhesabu vimondo vingi kwa saa moja. Mkulima aijuaye Kilimia hashangai ionekanapo, kwa maana aijua siku yake. Na vimondo vya Desemba ni vivyo hivyo. Jambo ambalo tarehe yake yaweza kuandikwa tangu mwaka uliotangulia, nani aliyelituma kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa shamba au wa mahari?

Je, kilianguka nyuma ya kilima?

Katika siku zilizofuata tuliwauliza watu wa mahali mbalimbali. Watu wa kijiji chetu walisema kimondo kilianguka nyuma ya kilima. Watu wa upande wa Nyanguge walisema kilianguka nyuma ya kilima chao. Wavuvi waliapa ya kuwa kilizama majini mbele yao, karibu sana hata wakakaa wakingoja wimbi. Na msafiri mmoja aliyetoka Ukerewe alisema kilianguka ng'ambo ya kisiwa. Hakuna aliyesema uongo. Wote walidanganywa na umbali.

Mwezi ushukapo, kila kijiji huuona ukiingia nyuma ya kilima chake, wala hakuna aendaye kuutafuta huko. Kimondo ni hivyo hivyo. Huanza kuwaka juu sana, kiasi cha kilomita 100 kutoka ardhini, na vile vikubwa mara nyingi huzimika vikiwa bado juu kilomita 20 au 30. Kitu kiwakacho juu namna hiyo huonekana na watu wa Mwanza, na wa Musoma, na wa Bukoba kwa wakati mmoja. Basi mtu akikiona kimeshuka mpaka kilimani asifikiri kiko karibu. Afikiri kiko mbali sana, pengine mamia ya kilomita.

Sauti nayo ni shahidi wa jambo hili. Mtu akisimama ufukoni akamtazama mwingine afuaye nguo kwa kuzipiga juu ya jiwe ng'ambo ya maji, huona mkono umekwisha kushuka kabla hajasikia kishindo. Nuru hufika papo hapo, lakini sauti huchukua kama sekunde 3 kwa kila kilomita moja. Ikiwa kimondo kimepasuka mbali nasi kilomita 30, ngurumo yake itatufikia baada ya dakika moja na nusu. Ngurumo ile iliyozidisha hofu yetu haikuwa jambo la pili lililotumwa kutufuata. Ilikuwa sauti ya jambo lile la kwanza, iliyochelewa njiani.

Je, kimondo huua?

Ni kweli kwamba mawe mengine hayamaliziki hewani, bali hufika chini. Nasi watu wa upande huu tunao mfano wa karibu. Mwaka 1930 jiwe la namna hiyo lilianguka Malampaka, katika nchi ya Maswa, kusini ya Magu, kwenye njia ya reli itokayo Tabora kwenda Mwanza. Uzito wake ulikuwa kama gramu 470, yaani halikufika nusu kilo. Mtu angeliweza kulishika kwa mkono mmoja.

Hata hivyo jiwe lifikapo chini huwa limekwisha kupoteza mbio zake zote za mwanzo. Hewa nzito ya chini hulizuia, moto wake huzimika, nalo huanguka kama jiwe lo lote lililoachwa kutoka juu. Ngozi yake ya nje huwa nyeusi na nyembamba kama ganda la yai, ila moto haukupata nafasi ya kuingia ndani, kwa sababu hiyo mara nyingi wenye kuyaokota mapema huyakuta si ya moto. Kwa kawaida hayachomi nyasi wala mapaa.

Tarehe 14 Agosti 1992 mawe mengi yalinyesha juu ya mji wa Mbale, nchi ya Uganda, na vijiji vilivyo karibu. Vipande mamia viliokotwa. Kipande kimoja cha uzito wa gramu chache kilipita katika majani ya mgomba kikampiga kijana kichwani, naye hakupata jeraha kubwa. Huko Alabama, Marekani, mwaka 1954, jiwe la kilo karibu 4 lilitoboa paa la nyumba likampiga mwanamke aliyekuwa amelala, akapona, akiwa na alama kubwa ya pigo ubavuni. Kubwa kuliko hayo lilikuwa la mji wa Chelyabinsk, Urusi, tarehe 15 Februari 2013. Jiwe lenye upana wa mita 20 hivi lilipasuka angani asubuhi, na watu wapatao 1,500 waliumia. Wengi wao waliumizwa na vioo vya madirisha, kwa kuwa walipoona mwanga walikwenda dirishani kutazama, na huku kishindo kilikuwa bado kiko njiani.

Kwa mifano hiyo twajifunza neno moja. Jiwe la mbinguni likimpata mtu au mnyama, huacha jeraha, na jiwe lenyewe huonekana, tena sauti yake husikiwa na wengi. Haliingii zizini kwa siri likachagua ng'ombe mmoja kati ya kumi na wawili, likamwua pasipo alama.

Jinsi jambo lile lilivyokwisha

Sasa turudi chini ya mti ule. Alikuwako mwalimu mmoja wa shule ya kijiji, mtu mpole asiyepaza sauti. Hakuwakemea vijana wala hakuwaita wajinga. Alimwendea mwenye ng'ombe, akampa pole, kisha akamwuliza mbele ya watu wote:

“Mzee, maksai wako aliacha kula siku gani?”

Mwenye ng'ombe alifikiri, akamwita kijana wake achungaye. Kijana akajibu ya kuwa tangu Jumanne alikuwa akibaki nyuma ya wenzake, na Jumatano hakugusa majani.

“Na moto wa mbinguni tuliuona lini?”

“Jana, Alhamisi.”

“Basi ugonjwa ulitangulia siku mbili,” akasema mwalimu. “Kitu kilichokuja Alhamisi kimemgonjezaje ng'ombe Jumanne?”

Watu wakanyamaza, lakini safari hii kunyamaza kwao kulikuwa kwa namna nyingine. Mzee mmoja akasema afadhali aitwe bwana mifugo. Alipokuja alimpasua yule mnyama, akawaonyesha nyongo iliyovimba, akasema ni ndigana baridi, maradhi yaletwayo na kupe, akawashauri wawaogeshe ng'ombe waliobaki. Vijana wakatawanyika mmoja mmoja. Wengine walipanda mpaka nyuma ya kilima kulitafuta jiwe, nao hawakuona shimo, wala majani yaliyoungua, wala kitu.

Bibi yule hakuguswa. Lakini habari zilikwisha kumfikia, naye kwa siku saba alilala nyumbani kwa binti yake katika kijiji kingine kabla hajathubutu kurudi. Hakuna aliyekwenda kumwomba radhi. Twayaandika haya kwa sababu hasara ile ilikuwa hasara ya kweli, nayo ilitoka kwa watu, haikutoka mbinguni.

Thamani ya ushahidi wa watu wa vijijini

Mtu asidhani ya kuwa twawacheka wazee wetu. Zamani hata wataalamu wa Ulaya walikosa katika jambo hili, nao walikosa kwa upande wa pili: wakulima waliposema wameona mawe yakianguka kutoka mbinguni, wengi wa wenye elimu walikataa kusadiki, wakasema ni hadithi za watu wasiosoma. Tarehe 26 Aprili 1803 mawe yapata 3,000 yalianguka karibu na mji wa L'Aigle, Ufaransa. Mtaalamu Jean-Baptiste Biot alitumwa kwenda kuchunguza. Alipita kijiji kwa kijiji akiwauliza watu waliyoyaona na kuyasikia, akayalinganisha maneno yao na mahali mawe yalipookotwa, akayakuta yapatana. Tangu hapo wataalamu walikubali. Elimu hiyo, basi, ilithibitishwa kwa maneno ya watu wa mashambani walioeleza kwa uaminifu walichokiona.

Hata katika nchi yetu ni vivyo hivyo. Jiwe kubwa la chuma lililoko Mbozi, lenye uzito ukadiriwao kuwa tani 16, lilikuwa likijulikana na wenyeji kabla mpima W. H. Nott hajalitangaza mwaka 1930. Na tarehe 16 Desemba 1938 lilianguka jiwe huko Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, lisilofika kilo moja kwa uzito. Jiwe hilo ni la namna iliyo haba mno, lenye udongo uliotengenezwa na maji na lenye kaboni, nalo limebadilika kidogo sana tangu jua na sayari zilipofanyika. Mwaka 2020 chombo cha Wajapani kilirudi duniani na mchanga kidogo uliochotwa katika jiwe liitwalo Ryugu lizungukalo jua, na wataalamu walipoupima walikuta wafanana na jiwe la Ivuna. Hivyo jina la kijiji cha Tanzania hutajwa popote duniani palipo na wenye kuchunguza mambo hayo. Kama jiwe lile lisingaliokotwa na kuhifadhiwa, jambo hilo lisingalikuwako.

Yapasayo kufanywa

Kwa hiyo twawashauri machifu na wazee, wakubwa wa vijiji, walimu, na kila ajuaye kuandika, mambo haya.

Kwanza, kimondo kikubwa kionekanapo, tazama saa, nawe uhesabu polepole kimewaka sekunde ngapi. Kikizimika endelea kuhesabu mpaka usikie sauti, ikiwa iko. Wakati huo usisimame karibu na dirisha la kioo.

Pili, usiondoke mahali uliposimama mpaka umeweka alama: kilianzia juu ya mti gani, kilizimikia juu ya paa la nani. Nyosha mkono mbele yako na kukunja ngumi. Upana wa ngumi hiyo ni digrii kama 10, na ngumi 9 zatosha kutoka upeo wa macho mpaka utosini. Basi sema, kilionekana juu ya ardhi ngumi nne, kikazimika ngumi mbili. Andika usiku ule ule, maana asubuhi maneno ya wengine huwa yamekwisha kuchanganyika na yako. Watu wawili walio mbali, mmoja Magu na mmoja Ukerewe, wakiandika namna hiyo, yawezekana kujua kimondo kilipita juu ya mahali gani.

Tatu, ukiona jiwe geni, jeusi kwa nje, zito kuliko mawe ya kadiri yake, tena livutwalo na sumaku, usilivunje, usilioshe, wala usilitie motoni. Lifunge katika kitambaa safi kikavu, uweke alama mahali ulipolikuta, ukapeleke habari ofisi ya kijiji ili ifike wilayani.

Nne, si kila moto wa angani ni jiwe. Siku hizi viko vyombo vingi vilivyorushwa na watu kuizunguka dunia, navyo huanguka vikiisha kazi. Hivyo huenda polepole kuliko kimondo, pengine dakika nzima, vikiacha vipande vingi vifuatanavyo. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo kama 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, nchi ya Kenya, nayo ilidhaniwa kuwa ni kipande cha chombo cha namna hiyo. Kitu cha chuma kilichoanguka kutoka juu kisiguswe. Vyombo vingine huwa na sumu. Watoto wafukuzwe mbali, na serikali ipewe habari.

Tano, nalo ndilo kubwa kuliko yote: kama siku ile au kesho yake pametokea msiba, iwe ni mtoto au mnyama au mavuno, mwenye msiba apewe pole, na sababu ya msiba itafutwe kwa mganga wa hospitali au kwa bwana mifugo. Jina la jirani lisitajwe. Mkubwa asikiapo jina limeanza kunong'onwa asingoje mpaka vijana wakusanyike. Aende siku ile ile, aulize kama alivyouliza mwalimu yule: ugonjwa ulianza lini, na mwanga ulionekana lini? Tena ahakikishe ya kuwa yule aliyetajwa halali peke yake usiku ule.

Twawaomba walimu wayasome haya mbele ya watoto, na wale wajuao kusoma wawasomee wazee barazani. Usiku wa kiangazi u karibu siku zote kuleta jambo la kutazamwa, na watoto wetu wajifunze kulitazama kwa saa, kwa ngumi na kwa kalamu. Kimondo kijacho hakina siku tuijuayo, lakini kitakuja. Na siku hiyo kila kijiji kitakuwa na mashahidi wengi. Tungependa wawe mashahidi wa kimondo, wasiwe mashahidi wa uongo juu ya jirani yao.